Chupa ya Nne

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote tangu nianze uuguzi hapa Moshi si "atapona?" wala "tutalipa shilingi ngapi?" Ni hili: "Sista, mbona hajatundikiwa maji?"

Huulizwa na mama aliyeshuka na gari la alfajiri kutoka Kibosho, chupa ya uji kwapani, kanga mbili mabegani kwa ajili ya baridi. Huulizwa na kijana mwenye funguo za gari mkononi, kwa sauti ya mkaguzi. Wote wawili wanaitazama stendi tupu kando ya kitanda kama mtu aliyerudi nyumbani usiku akakuta jiko halijawashwa.

Siwalaumu. Kwetu dripu si dawa tu, ni ushahidi. Ukisema fulani alilazwa, watu watasema pole na kuendelea na pombe yao ya mbege. Ukisema alitundikiwa maji, vikombe vinawekwa chini. Na chupa huhesabiwa: "Alimaliza sita!" Wiki ya Krismasi, mji unapojaa magari kutoka Dar na kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kina mbuzi wa kuchinja, wapo wanaopita zahanati "kuongeza maji" kwa uchovu wa safari tu, na wanatoka wakiapa kwamba wamepata nguvu mpya. Chupa ya maji ya chumvi haina hata punje ya sukari. Hiyo nguvu wameipata kwa kulala kitandani saa mbili bila simu kuita.

Nimeanza na hilo ili nisijifanye mjanja mbele yao, maana mimi mwenyewe nilikuwa muumini. Miaka yangu ya kwanza ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, presha ya mgonjwa ikishuka mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kabati la maji kabla daktari hajamaliza kusema. Hakuna aliyewahi kuniita chemba kwa kuharakisha dripu. Kuichelewesha, hilo ndilo lilikuwa kosa.

Usiku ninaotaka kuusimulia ni wa miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mgonjwa nitamwita Bibi.

Aliletwa saa 3 usiku na wanawe watatu, amefungwa shuka na blanketi juu yake. Homa kali, pumzi 34 kwa dakika, presha 80 kwa 45. Nimonia ya pafu la kulia, na maambukizi yalishauvuruga mwili mzima: sepsis. Tulifanya yanayotakiwa. Damu ya maabara ikachukuliwa, antibayotiki ikaingia ndani ya saa ya kwanza, oksijeni ikafunguliwa, maji yakatundikwa. Mwongozo wa kimataifa wa sepsis unapendekeza mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa tatu za mwanzo. Tulimkadiria kilo 55. Piga hesabu: 1,650. Kwa chupa zetu za nusu lita, ni tatu na kidogo.

Chupa ya tatu iliisha saa 7 usiku. Presha 84 kwa 40. Nikampigia daktari wa zamu, naye alikuwa amefungwa gauni chumba cha upasuaji, simu ameshikiwa sikioni na mtu mwingine. "Ongeza nusu lita, sista." Nikaongeza. Sikuuliza kitu, wala yeye hakuwa na cha kunijibu.

Presha ikapanda hadi 96. Nakumbuka nilivyoiandika kwenye chati kwa kalamu ya kukandamiza, kwa fahari. Saa moja baadaye ilikuwa imerudi 85, na oksijeni iliyokuwa asilimia 94 ikawa 90, kisha 86. Nilipoweka stethoskopu mgongoni mwake nilisikia mlio kama wa chumvi ikirushwa motoni, mlio wa mapafu yenye maji, pande zote mbili, mpaka juu kabisa. Alikuwa ameketi wima, mikono imeshika kingo za kitanda, akikohoa povu lenye wekundu hafifu. Kabla ya mapambazuko alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Alifariki siku ya tatu.

Siwezi kuapa kwamba chupa ya nne ndiyo iliyomuua. Nimonia ya namna ile inaua bila msaada wa mtu. Ila najua aliingia na pafu moja bovu na asubuhi alikuwa na mawili. Na kilichonikaa kooni kuliko yote ni wanawe. Walikuja kuaga, yule mkubwa akanishika mikono yote miwili akasema, "Asante sista, hamkumnyima maji."

Mtu akikaa na shukrani ya namna hiyo lazima aanze kusoma.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba presha, ambayo tunaiabudu, inatueleza habari nusu. Chukua mpira wa kumwagilia bustani ubane mdomo wake kwa kidole gumba. Maji yanaruka mbali, yana nguvu, mtoto atashangilia. Sasa kinga ndoo. Inachelewa kujaa. Msukumo umepanda, kiasi kinachofika kimepungua. Figo, ubongo na ini havihitaji maji yaruke mbali. Vinahitaji ndoo ijae. Kile kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa dakika moja ndicho ambacho madaktari wanahangaika kukipima, na kwa makala hii nitakiita pato la moyo. Mtu mzima aliyetulia ana pato la kama lita 5. Yaani moyo wako, wewe unayesoma ukiwa umekaa, unamaliza chupa zetu kumi za nusu lita kila dakika inayopita. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliitazama ile chupa moja iliyoning'inia nikaona aibu kidogo.

Cha pili ni manati. Kaka zangu walitengeneza manati kwa mpira wa tairi la baiskeli, na kila mtoto aliyeishika anajua sheria yake: ukivuta kidogo jiwe linaanguka miguuni, ukivuta zaidi linafika mbali zaidi. Lakini kuna mahali mpira unafika ukomo. Ukiendelea kuvuta huongezi chochote ila maumivu ya kidole. Msuli wa moyo nao ni hivyo. Damu ikiujaza unavutika, na kadiri unavyovutika ndivyo unavyosukuma kwa nguvu zaidi, hadi ukomo wake. Otto Frank wa Ujerumani na Ernest Starling wa Uingereza waliligundua jambo hilo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, mmoja kwa mioyo ya vyura, mwingine kwa mioyo ya mbwa. Moyo wa mgonjwa mwenye sepsis ni manati yenye mpira uliochoka, ukomo wake uko karibu. Ukimpa maji akiwa bado hajafika huko, pato linapanda. Ukimpa akiwa ameshafika, maji yanabaki nyuma ya moyo, na nyuma ya moyo wa kushoto kuna mapafu.

Tafiti zilizokusanywa kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa mahututi ambao mzunguko wao wa damu umeyumba, ni kama nusu tu ambao pato lao hupanda wakipewa maji. Nusu nyingine wanapewa uvimbe. Sasa rudi kwenye lile kabati la maji na mkono wangu mwepesi. Nilikuwa narusha shilingi juu kila usiku.

Basi kwa nini tusipime tu pato la moyo kama tunavyopima joto? Watu wamejaribu kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1870 Adolf Fick alieleza kwa maneno machache kwamba ukijua mwili unatumia oksijeni kiasi gani kwa dakika, na tofauti ya oksijeni kati ya damu inayotoka moyoni na ile inayorudi, utajua ni damu kiasi gani imepita. Hesabu ni ya mtoto wa sekondari. Shida ni kuipata damu inayorudi, maana lazima uichote ndani ya moyo wenyewe.

Hapo ndipo anaingia Werner Forssmann, daktari kijana wa mji wa Eberswalde, Ujerumani, mwaka 1929. Alitaka kupitisha mrija kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni. Mkubwa wake akamkataza. Vifaa tasa vilikuwa chini ya ulinzi wa nesi aliyeitwa Gerda Ditzen, kwa hiyo akamshawishi. Gerda akakubali kwa sharti kwamba jaribio lifanyike kwake yeye. Forssmann akamfunga kwenye meza, akajifanya anamwandaa, huku akijichoma mwenyewe mkononi na kusukuma katheta ya mkojo kuelekea moyoni mwake. Kisha akamfungua, wakashuka pamoja hadi chumba cha eksirei kuhakikisha mrija umefika. Mwaka 1956 Forssmann alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili walioiendeleza kazi hiyo huko Marekani. Gerda hakupata kitu. Wauguzi wenzangu, ninyi mnajua.

Mwaka 1970 Jeremy Swan na William Ganz, Los Angeles, walitangaza katheta yenye kiputo kidogo nchani. Swan alisimulia kwamba wazo lilimjia akitazama mashua za tanga baharini: damu ingekivuta kile kiputo kama upepo unavyovuta tanga, hadi kwenye ateri ya mapafu, mshipa unaopeleka damu huko. Ganz alileta ujanja wa kudunga maji baridi na kupima jinsi damu inavyopoa mbele ya safari, na hapo pato la moyo likasomeka kando ya kitanda. Dunia tajiri ikaipenda. Kwa zaidi ya miaka ishirini, ICU bila katheta hiyo ilionekana kama kanisa bila kengele. Halafu mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwachambua wagonjwa 5,735 wakakuta waliowekewa katheta hiyo walikufa zaidi kuliko waliofanana nao wasiowekewa. Mwaka 2005 jaribio kubwa la Uingereza likaona haisaidii wala haidhuru.

Mimi nilichokichukua humo ni kimoja: namba haiponyi mtu. Inayoweza kuponya ni hatua unayoichukua baada ya kuisoma, na kama ulikuwa utatundika chupa vyovyote iwavyo, mashine umeiweka ya nini?

Nilishaona mashine ya namna hiyo kwa macho yangu. Si katheta ya Swan. Ni ya kisasa, inayosoma umbo la mawimbi ya presha kutoka kwenye ateri ya mkono na kukupa pato la moyo kwa rangi ya kijani. Ililetwa na wafadhili, ikapokelewa kwa picha na keki. Ilikuja na vitambuzi 10 vya kutumika mara moja na kutupwa. Tulivitumia kwa mikono inayotetemeka, tukavimaliza. Cha kumi na moja hakikuja. Nilipohama pale mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, chenye maua, na juu yake tulikuwa tunaweka daftari la zamu.

Aliyetuokoa, nasema kwa upande wangu, ni daktari mmoja kijana aliyekuja na mambo mawili: prob ya moyo, yaani kile kifaa cha mkononi cha mashine ya ultrasaundi kinachowekwa kifuani, na tabia ya kumtazama mgonjwa miguu.

Prob kwanza. Damu ikitoka moyoni inapita kwenye mlango mdogo kabla ya kuingia aota, mshipa mkuu wa damu. Kwa watu wazima wengi kipenyo chake ni kama sentimita 2, na hakibadiliki kati ya asubuhi na jioni. Ultrasaundi inaweza kukuambia kwamba katika pigo moja damu imesafiri umbali gani pale mlangoni. Kwa mtu mwenye afya ni kama sentimita 18 hadi 22. Zidisha umbali kwa eneo la mlango. Kipenyo cha 2 kinakupa eneo la 3.14, ukizidisha kwa 20 unapata mililita karibu 63 kwa pigo, mapigo 80 kwa dakika, lita 5. Zile chupa kumi, tumezipata bila kumchoma mtu sindano. Tena huhitaji hata kuhesabu hadi mwisho. Mlango haubadiliki, kwa hiyo ukifuatilia umbali peke yake na mapigo, umeshajua kama pato limepanda au limeshuka. Ilinichukua miezi kupata picha safi. Wiki za kwanza nilikuwa naona ukungu wa Kilimanjaro mwezi wa Aprili.

Sasa miguu. Mgonjwa mahututi ana damu imelala kwenye miguu na tumboni. Ukiiinua miguu yake, kama mililita 300 zinarudi kuelekea moyoni. Ni dripu ya mkopo: damu yake mwenyewe, kwa dakika moja, na ukishusha miguu mkopo umerudishwa. Unaanza mgonjwa akiwa ameinuliwa mgongo nyuzi 45, unapima umbali wa damu kwa prob, unalaza mgongo na kuinua miguu kwa wakati mmoja, unapima tena kabla dakika haijaisha au mara inapoisha. Pato likipanda asilimia 10 au zaidi, moyo huu una nafasi. Lisipopanda, weka chupa chini.

Maelezo ni mepesi, vitanda vyetu si vyepesi. Vya kisasa vina kitufe. Vyetu vina hendeli ya kuzungusha, na ile ya upande wa miguu daima ndiyo iliyoshika kutu. Miguu haitakiwi kuinuliwa kwa kushikwa vifundo, maana ukimuumiza au ukimshtua mgonjwa moyo utakimbia kwa sababu nyingine na utadanganyika. Kwa hiyo mmoja anazungusha, mmoja ana prob, mmoja anatazama saa. Usiku tukiwa wawili tunamwita mlinzi azungushe. Sasa hivi yule baba anajua kipimo hiki kuliko madaktari wa mafunzo. Na kina mipaka: tumbo lililojaa na kukaza, nyonga iliyovunjika, vinakiharibu. Kipimo kingine, cha kutazama jinsi presha inavyocheza na pumzi za mashine, kina masharti mengi zaidi, nami nimekiacha kwa wenye mirija ya ateri ya kutosha.

Wasipokuwepo wa prob kuna kidole. Bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa kwa sekunde 10 kwa kile kioo cha hadubini cha maabara, achia, hesabu sekunde hadi rangi irudi. Zaidi ya 3, damu haifiki vizuri. Kwa ngozi zetu tazama sehemu laini ya kidole au chini ya kucha, kwenye mwanga wa kutosha, na saa yenye mshale wa sekunde. Jaribio lililotangazwa mwaka 2019, lililofanyika kwenye hospitali 28 za nchi tano za Amerika ya Kusini kwa wagonjwa 424, lililinganisha matibabu yanayoongozwa na kidole na yale yanayoongozwa na kipimo cha damu cha lakteti, tindikali inayopanda mwili ukikosa oksijeni ya kutosha. Waliofuata kidole walikufa asilimia 34.9, waliofuata lakteti 43.4. Wanatakwimu wanasema tofauti hiyo haitoshi kuapia. Sawa. Lakini kidole hakikushindwa, na hakina vitambuzi vya kuagiza.

Wapo watakaosema hizi ni hadithi za Ulaya na Amerika, sisi wagonjwa wetu wanakuja wamekauka, wape maji. Nilisema hivyo pia. Lakini ushahidi mzito kuliko wote umetoka hapahapa kwetu. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa upande wetu ulifanyika Muheza, Tanga, safari ya saa chache tu kwa basi kutoka stendi yetu. Watoto wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri waligawanywa: wengine wakapewa maji ya haraka kwa wingi, wengine wakapewa taratibu tu. Kila mtu alitarajia maji ya haraka yaokoe. Katika saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa kama asilimia 10.5, wasiopewa 7.3. Utafiti ulisimamishwa. Mwaka 2017 zikaja habari za Lusaka, Zambia: watu wazima 209 wenye sepsis na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Waliopewa maji mengi na dawa za presha kwa ratiba walikufa asilimia 48.1, waliotibiwa kwa mazoea ya kawaida 33. Ulaya wana mashine ya kupumulia ya kusubiri mapafu yaliyofurika. Sisi mara nyingi hatuna, na chupa ya ziada kwetu ina bei kubwa kuliko kwao.

Nisieleweke vibaya: mgonjwa wa kipindupindu ni habari nyingine. Yule amepoteza maji kweli, lita kwa lita, na unamwagia mpaka mapigo yarudi mkononi. Thomas Latta aliwatoa watu kaburini kwa maji ya chumvi mshipani huko Leith, Uskoti, mwaka 1832, na sheria haijabadilika. Watoto wa kuhara hawakuwemo kwenye utafiti ule wa 2011. Anayetoka damu naye, ukisubiri kuzungusha hendeli utamkosa.

Mwaka uliofuata baada ya prob kuja tulimpokea babu mmoja wa Old Moshi, zaidi ya miaka 70. Katheta ya mkojo aliyowekewa kwa ajili ya tezi dume iliziba, mkojo ukaoza ndani, sepsis. Presha 78 kwa 42. Katheta ikabadilishwa, antibayotiki, chupa ya kwanza. Umbali wa damu: 14. Tukainua miguu: 18. Chupa ya pili, na hakuna aliyebishana. Tukapima tena, 17 ikapanda 20. Chupa ya tatu. Saa 8 usiku presha ikawa 86, na chupa ya nne ilikuwa mkononi mwangu, plastiki imeshachanwa. Mlinzi akazungusha hendeli. Kabla: 20. Baada: 20 na nusu.

Niliiweka juu ya kabati. Daktari akaongeza noradrenalini kidogo, dawa ya kupandisha presha, kwenye pampu ya sirinji. Kidole cha babu kilirudi rangi kwa sekunde 4, alfajiri 3.

Saa 1 asubuhi akaja bintiye kutoka Dar, amesafiri usiku kucha, macho mekundu. Akaitazama stendi. Akaitazama stendi ya jirani yake, ambayo ilikuwa na chupa.

"Shikamoo sista."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Asante. Sista, baba yangu mbona hatundikiwi maji? Kama ni hela mseme."

Nilikuwa nimesimama kwa muda wa saa kumi na mbili. Ningeweza kumwambia ni maagizo ya daktari, nikaenda zangu. Badala yake nikamuuliza kama kwao bado kuna mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba.

"Upo. Baba ndiye alikuwa anaugawa zamani. Siku yako ikifika unafungua, maji yanaingia."

"Kihamba kikishashiba, ukiacha pamefunguliwa, maji yanakwenda wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani wa moyo ni mapafu."

Alinyamaza. Akamtazama baba yake, kifua kikipanda na kushuka bila mashine. "Na jirani," akasema taratibu, "anakuja na panga."

Nikamwonyesha chati ya kuingia na kutoka. Naipenda chati ile. Ni karatasi mbovu ya mistari ya kuchora kwa rula, lakini haisemi uongo. Kilichoingia mshipani, kilichoingia mdomoni, kilichotoka kwenye mfuko wa mkojo, kilichotapikwa. Zamani tuliijaza kama mahudhurio ya darasani, ili isibaki tupu. Mgonjwa anaweza kufika siku ya tatu lita 6 mbele, miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na figo zenyewe zimelowa na kukataa kazi, halafu mtu anaandika "mkojo kidogo, ongeza maji". Siku hizi ikizidi lita 2 mbele naizungushia duara jekundu, na daktari lazima aniambie kwa nini. Kuna anayekasirika. Akasirike.

Babu mkojo wake ulianza kutiririka saa 4 asubuhi hiyo. Siku ya pili noradrenalini ikafungwa, siku ya nne akahamia wodi ya kawaida akilalamika kwamba chai ya hospitali haina maziwa. Siku ya kuondoka bintiye alipita ICU kuaga, na mkungu mdogo wa ndizi ambao sikuweza kuukataa.

"Nyumbani hawataamini," alisema. "Watauliza ametundikiwa chupa ngapi."

"Tatu."

"Tatu tu," akasema, akitikisa kichwa kama mtu aliyepunjwa sokoni Mbuyuni, na akaenda kumshika baba yake mkono wapande gari.